Kipimo cha Mvua na Daftari Lake: Somo kwa Mkulima na Mtoto Wake



Ukiulizwa una mbuzi wangapi, wajibu bila kusita. Ukiulizwa ulivuna magunia mangapi mwaka jana, wafikiri kidogo, kisha wajibu. Lakini ukiulizwa shamba lako lilipata mvua kiasi gani, utasema, "Ilikuwa nzuri," au, "Ilikuwa haba." Jawabu hilo si hesabu, na hali mvua ndiyo iliyokupa magunia yale, na ndiyo iliyowaoteshea majani mbuzi wale. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua ni mali ya kwanza ya mkulima, nayo kwa wengi wetu haina daftari.

Somo hili lina mambo matatu: jinsi mvua inavyokuja, jinsi inavyopimwa, na jinsi hesabu yake inavyoweza kuiokoa mbegu yako. Limeandikwa hasa kwa wakulima wa nchi kavu ya kati, yaani Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Singida na jirani zao, ijapokuwa mkulima wa mahali pengine aweza kulitumia pia. Halihitaji gharama kubwa. Lataka mkebe mmoja, rula moja, daftari moja la shule, na mtoto ajuaye kusoma tarakimu. Msome pamoja, wewe na mtoto wako.

1. MVUA YATOKA WAPI

Teleka chungu cha maji, ukifunike. Maji yakichemka, inua mfuniko, uutazame upande wa ndani: umejaa matone. Maji yale hayakuruka yakiwa maji. Yalipanda yakiwa mvuke usioonekana, yakakutana na mfuniko ulio baridi kuliko mvuke, yakarudi kuwa maji.

Mvua ni kazi hiyo hiyo, ila chungu ni bahari na maziwa, moto ni jua, na mfuniko ni hewa ya juu yenye baridi. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mvuke ukifika juu hugeuka vitone vidogo mno, navyo vikikusanyika pamoja twaviita wingu. Vitone vikigongana na kuungana hata kuwa vizito, huanguka. Lakini si kila wingu lina vitone vya kutosha. Wazee walisema kweli kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini dalili si ahadi.

Sasa, kwa nini mvua huja kwa majira? Kwa sababu jua halisimami mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa Machi hupita juu ya Ikweta likienda kaskazini, na mwezi wa Septemba hupita tena likirudi kusini. Mahali jua lipigapo wima, ardhi hupata joto jingi, hewa hupanda, na pepo zenye unyevu huvutwa kuja kujaza nafasi yake. Ndiyo sababu ukanda wa mvua hulifuata jua, ukichelewa nyuma yake kwa majuma kadha.

Watu walio karibu na Ikweta, na wale wa pwani ya kaskazini, hupitiwa na ukanda huo mara mbili. Hizo ndizo vuli, toka Oktoba hata Desemba, na masika, toka Machi hata Mei. Sisi wa nchi ya kati na ya kusini hutufikia mara moja, ukakaa, kisha ukaondoka. Kwa hiyo tuna msimu mmoja tu, toka Novemba au Desemba hata Aprili.

Tena mvua haikugawanywa sawasawa. Katika mwaka wa kawaida Bukoba, iliyo ufukweni mwa ziwa, hupata milimita 2,000 hivi. Dar es Salaam 1,100 hivi. Dodoma 570 hivi. Mtu wa Bukoba akipotewa na mvua moja, ana nyingine inayomjia. Mtu wa Dodoma akipotewa na mvua moja, amepotewa na sehemu ya chakula chake. Basi mwenye kidogo ndiye apaswaye kuhesabu zaidi.

2. JICHO NA SIKIO HUDANGANYA

Nitakueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nalikuwa mtoto wa shule ya misheni, mwenye umri wa miaka 12 hivi. Nyuma ya darasa palikuwa na kipimo cha mvua, nami nilipewa zamu ya kukisoma kila siku asubuhi na kuandika hesabu yake.

Mwaka huo, mwishoni mwa Novemba, ikaja jioni moja mvua ya ngurumo. Radi zilipiga, mabati yalilia hata watu hawakusikiana, na maji yalipita uani kama kijito. Haikudumu. Usiku ule baba yangu akazitoa mbegu zetu zote za karanga, na alfajiri akaenda shamba pamoja na mama. Wakapanda siku mbili.

Asubuhi ile, saa tatu, nilikisoma kipimo. Kilikuwa na milimita 7. Nikaandika 7 katika daftari. Nalijua maana yake, kwa kuwa mwalimu alikuwa amekwisha kutufundisha kwamba mvua kama ile katika udongo mkavu haishuki zaidi ya vidole vitatu hivi. Lakini kwetu mtoto hamfundishi baba yake habari za mvua. Nikanyamaza.

Jua likawaka siku 16. Mbegu zilikuwa zimelala pale pale unyevu ulipoishia. Nazo zikaamka, zikatoa mizizi, mizizi ikakuta vumbi. Nyingine zilifukuliwa na panya na kunguru. Mvua ya kweli ilipokuja, baba hakuwa na mbegu. Akakopa kwa jirani kwa sharti la kulipa debe mbili kwa kila debe moja. Mwaka ule tulivuna, lakini mavuno yalitangulia kwenda kulipa deni, nami nikakaa nyumbani muhula mzima, kwa maana karanga zile ndizo zilizokuwa ada yangu.

Baba yangu hakuwa mvivu wala mjinga. Aliihukumu mvua kwa kelele zake, kama tufanyavyo sote. Mvua ya ngurumo hupiga kelele nyingi, ikaleta maji kidogo; mvua ya usiku kucha hunyesha kwa upole, ikaleta maji mengi, na mtu aliyelala asijue. Miaka mingi baadaye nilimweleza habari ya ile milimita 7. Aliniuliza neno moja tu: "Mbona hukusema?" Somo hili nimeliandika kwa sababu ya swali hilo.

3. MILIMITA MOJA NI MAJI KIASI GANI

Fikiri kwamba mvua imenyesha juu ya sakafu iliyo sawa kabisa, yenye ukuta pande zote, na maji hayakupenya wala hayakukauka. Kina cha maji yaliyosimama sakafuni ndicho kipimo cha mvua. Kina kikiwa milimita 10, yaani sentimita moja, twasema mvua ilikuwa milimita 10. Wazee waliotumia inchi wakumbuke kwamba inchi 1 ni milimita 25.4.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji kamili. Eka moja ina mita za mraba zaidi kidogo ya 4,000. Basi milimita 1 tu juu ya eka moja ni lita 4,000, sawa na madebe 200 yenye lita 20 kila moja. Mvua ya milimita 20 ni madebe 4,000 katika eka moja. Hakuna nyumba iwezayo kuteka maji hayo kisimani. Ndivyo upasavyo kujua thamani ya mvua moja njema, na hasara ya kuiacha ipite bure.

4. JINSI YA KUTENGENEZA KIPIMO

Kipimo cha kituo cha hali ya hewa ni chombo cha shaba chenye mdomo wa duara, na ndani yake mna mrija mpana kama ule wa kumiminia mafuta, unaopeleka maji katika chupa iliyofichwa yasikauke. Maji hayo humiminwa katika gilasi nyembamba yenye alama, ili milimita moja ionekane ndefu na isomwe bila shaka. Ukiweza kununua cha namna hiyo, vema. Usipoweza, fanya hivi:

(a) Tafuta mkebe ulionyoka, ambao upana wa mdomo wake ni sawa na upana wa kitako chake, kama mikebe ya maziwa ya unga. Mkebe uliopanuka juu au kubonyea haufai.

(b) Chagua mahali peupe. Usiuweke chini ya mti wala karibu na upenu. Ikiwa mti una kimo cha mita 5, mkebe uwe mbali nao mita 10 au zaidi. Yaani umbali uwe angalau mara mbili ya kimo cha kitu kilicho karibu.

(c) Simamisha kigingi, uufunge mkebe kwake ili upepo usiupindue. Mdomo wake uwe sentimita 30 juu ya ardhi. Ukiwa chini zaidi, matone yatarukia ndani toka ardhini. Mdomo uwe sawa, usiinamie upande wowote.

(d) Zungushia miiba, kuku na mbuzi wasinywe mvua yako kabla hujaihesabu.

Watu huuliza, "Je, mkebe mpana hautapata mvua nyingi kuliko mwembamba?" Hupata maji mengi zaidi, naam, lakini maji hayo yana nafasi kubwa zaidi ya kutandaa, kwa hiyo kina chake ni kile kile. Mtoto na ajaribu: mvua ikija, aweke sufuria pana iliyonyoka kando ya mkebe, kisha apime kwa rula. Asiamini kwa kuambiwa tu.

Kazi hii si ngeni duniani. Katika nchi ya Korea, mnamo mwaka 1441, siku za mfalme Sejong, palitengenezwa chombo cha kupimia mvua, kisha vyombo vya namna moja vikapelekwa wilayani ili habari za mvua ziandikwe na kupelekwa kwa mfalme. Sababu yao ilikuwa kama yetu: walitaka kujua habari za mavuno.

5. KUSOMA NA KUANDIKA

Soma kipimo kila siku saa tatu asubuhi, ndiyo saa isomwayo vituoni kwetu. Simamisha rula wima hata iguse kitako cha mkebe, utazame alama ya maji huku jicho likiwa usawa wa maji. Angalia: rula nyingine zina kipande kitupu kabla ya sifuri, kipande hicho kikatwe, au kiongezwe katika hesabu. Ukiisha kusoma, mwaga maji yote, uurudishe mkebe. Asiyemwaga ataihesabu mvua moja mara mbili.

Usingoje mchana, kwa sababu jua litakunywa sehemu ya hesabu yako.

Katika daftari, andika tarehe, milimita, na neno moja au mawili juu ya siku ile: upepo, ngurumo, mawingu, jua kali. Tena shika sheria hizi tatu:

Kwanza, siku isiyo na mvua andika 0. Usiiache tupu. Siku za sifuri ni habari kubwa sawa na siku za mvua.

Pili, siku ambayo hukupima, andika "haikupimwa." Usiandike 0, wala usikisie. Daftari lenye pengo moja la kweli ni bora kuliko daftari lililojaa uongo mmoja.

Tatu, usibadili saa ya kusoma, wala usihamishe mkebe bila kuandika siku ulipouhamisha.

Mwisho wa mwezi jumlisha. Mwisho wa msimu jumlisha tena. Lakini usiridhike na jumla peke yake, kwa maana jumla nayo yaweza kukudanganya. Tuseme mashamba mawili yalipata milimita 100 kila moja katika mwezi wa Desemba. La kwanza lilipata 60 kwa siku moja, kisha siku 18 kavu, kisha 40. La pili lilipata 20 mara tano, siku tano zikipita kati ya mvua na mvua. Jumla ni moja, lakini mazao hayatakuwa mamoja. Kwa hiyo hesabu pia siku za ukavu zilizofuatana, uzipigie mstari kwa wino mwekundu.

6. KIPIMO CHASEMA ILIYOANGUKA, JEMBE LASEMA ILIYOINGIA

Kila baada ya mvua kubwa, fanya kazi moja zaidi. Chimba kishimo shambani, utazame unyevu umeshuka kiasi gani. Mvua ya milimita 25, ikiingia yote katika udongo mkavu, hushuka karibu shubiri moja. Katika mchanga hushuka zaidi, katika mfinyanzi hushuka pungufu.

Sasa linganisha. Kipimo kikisema 40, na jembe likaonyesha vidole vinne tu, maji mengine yamekwenda wapi? Yamekimbia. Yameteremka mlimani, yakachukua udongo wako mwema, yakampa mtu wa bondeni. Hapo shamba lako halikukosa mvua, lilikosa kuishika. Dawa yake ni kulima matuta yanayokata mteremko, na kuyafunga matuta hayo kwa vituta vidogo kila hatua chache, ili maji yasimame na kunywewa na udongo.

7. LINI NIPANDE

Hili ndilo swali la maisha. Mvua ya kwanza yaweza kuwa ya kweli, yaweza kuwa ya udanganyifu. Iko mvua ya kuiamsha mbegu, na iko mvua ya kuilea. Nazo si moja. Kwa mbegu zisizovumilia ukavu, kama karanga na mahindi, shauri langu ni hili:

(a) Ngoja mpaka kipimo kionyeshe milimita 20 au zaidi kwa siku moja au mbili zilizofuatana.

(b) Kisha uliza jembe: je, unyevu umekaribia shubiri? Ikiwa bado, ngoja.

(c) Sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri huo ni wa eneo kubwa, wala hauwezi kulitaja shamba lako. Lakini ukiuweka kando ya daftari lako, viwili hivyo vyasaidiana.

(d) Hata hapo usipande mbegu yote. Panda sehemu mbili, weka sehemu ya tatu ghalani. Mbegu iliyo ghalani haijapata kukauka kwa jua.

Lakini usielewe vibaya. Sisemi ungoje ngoje mpaka majani yakupite kimo. Kuchelewa nako kuna bei yake. Mvua za kwanza huamsha rutuba iliyolala udongoni wakati wa kiangazi, na anayechelewa huwaachia magugu rutuba hiyo. Tena msimu wetu ni mfupi, na zao lililochelewa hukutwa na ukavu wa Aprili likiwa bado linachanua au kujaza mbegu. Kwa ajili hii wako wakulima wa kwetu wanaopanda uwele na mtama katika vumbi kabla ya mvua. Mazao hayo huvumilia ukavu kuliko mahindi, na mbegu yake ni ndogo, haina gharama kubwa. Desturi hiyo ina akili yake. Kosa ni kuitendea karanga kama uwele.

Daftari la mwaka mmoja litakusaidia kidogo. Daftari la miaka mitano litaanza kusema. Daftari la miaka kumi ni mzee wa baraza. Hapo utaweza kuuliza: katika miaka kumi, ni mara ngapi mvua ya Novemba ilifuatwa na siku zaidi ya kumi za ukavu? Ukiona ni mara saba, hutapanda karanga Novemba kwa furaha. Ukiona ni mara mbili, utathubutu. Haitakuwa yakini, maana mbingu hazifungwi kwa kamba. Lakini itakuwa hesabu.

Tena usishangae mwaka mmoja ukivunja desturi zote. Mwaka 1961 mvua za vuli zilizidi mno katika Afrika Mashariki, hata maji ya Ziwa Victoria yakapanda zaidi ya mita mbili kati ya mwaka huo na 1964. Mwaka 1997 zikazidi tena. Katika miaka yote miwili Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko desturi, ikatoa mvuke mwingi. Twayajua hayo kwa sababu palikuwa na watu walioandika kila siku, hata siku za sifuri.

8. VIPIMO VINGINE

Mvua si hali yote ya hewa. Mtoto wako shuleni ataonyeshwa vyombo vingine, nawe yafaa uvijue.

Kipimajoto huonyesha joto la hewa. Huwekwa ndani ya sanduku jeupe lenye mbao zilizopangwa kama vipenu vidogo, ili upepo upite na jua lisiingie. Kikiwekwa juani hakipimi hewa, bali hujipima chenyewe kilivyochomwa. Mkulima aangalie joto kwa sababu hii: mvua ile ile hudumu udongoni siku chache zaidi wakati wa joto na upepo kuliko wakati wa mawingu na baridi.

Kipimo cha upepo huonyesha upepo watoka wapi. Upepo huitwa kwa jina la kule utokako, siyo kule uendako. Mabaharia wa pwani walijua hivyo zamani: kaskazi yatoka kaskazini, kusi yatoka kusini.

Barometa hupima uzito wa hewa. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha kwa bomba la zebaki kwamba hewa ina uzito, nao hubadilika. Uzito ukipungua, hewa yaelekea kupanda, na mawingu yaweza kufuata. Chombo hiki ni cha vituo. Mkulima hana haja ya kukinunua.

9. HABARI YA KONGWA

Usidhani kwamba kosa la kupanda bila daftari ni la maskini tu. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza, ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka nchi kwa majuma tisa kutafuta mahali pa kulima karanga kwa wingi mno. Shauri lilikuwa kulima eka zaidi ya milioni 3. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kwa matrekta na fedha ambazo wenyeji hawakupata kuziona.

Vipimo vya mvua vya mahali pale penyewe vilikuwa vichache. Mvua ilikuwa haba, tena haikushika ahadi. Na udongo wenye mfinyanzi, ulipokauka, ukawa mgumu hata karanga hazikung'oka. Sikusema ni mvua pekee iliyoharibu: mashine zilivunjika, na msitu ulikuwa mgumu kuliko ilivyodhaniwa. Lakini mwaka 1951 kazi ile iliachwa, na fedha iliyopotea ilikuwa karibu pauni milioni 36. Majuma tisa ya kutazama hayakutosha kuijua nchi ambayo mvua yake yataka miaka kadha kuhesabiwa. Serikali iliyopoteza pauni milioni 36 iliendelea kula. Wewe ukipoteza debe mbili za mbegu, je?

10. NENO LA MWISHO

Mtoto wako aliye shuleni ajua kusoma tarakimu. Mpe zamu ya kipimo, na kila siku saa tatu asubuhi, au arudipo shuleni ikiwa umesoma wewe, mwulize: "Imenyesha ngapi?" Wewe wajua udongo, wajua mbegu, wajua njaa. Yeye ajua hesabu. Maarifa hayo mawili yakikaa nyumba moja bila kusemezana, ni kama jembe na mpini vilivyotengwa. Wala usione haya kusikia kwa mtoto neno ambalo mkebe umelisema. Naye usimfundishe kunyamaza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mkebe ulionyoka, mahali peupe, mdomo sentimita 30 juu ya ardhi. Soma saa tatu, andika, mwaga. Sifuri ni hesabu. Pengo si sifuri. Kelele za mvua si kipimo. Baada ya kipimo, uliza jembe. Usipande mbegu yote kwa mvua moja.

MASWALI

1. Kipimo chasema milimita 12. Shamba ni eka 2. Mvua hiyo ni lita ngapi, na madebe mangapi ya lita 20? (Jibu: lita 96,000, madebe 4,800.)

2. Mkebe mpana na mkebe mwembamba, vyote vimenyoka, vimekaa pamoja katika mvua moja. Maji ya mkebe upi yana kina kikubwa zaidi? Kwa nini?

3. Jana hukupima kwa sababu ulikuwa safarini. Utaandika nini katika daftari?

4. Kipimo kimeonyesha 35, na unyevu shambani ni vidole vinne. Shamba lako lina ugonjwa gani, na dawa yake ni nini?

5. Mkulima amepata milimita 8 tarehe 28 Novemba, naye ana debe moja la mbegu za karanga. Umshauri nini?